Blanketi la Viraka: Mabaki ya Nguo Yawape Watoto Wako Joto

Katika skimu za makazi zilizo nyanda za juu, kama vile Kinangop na Ol Kalou, kuna mgeni aingiaye kila nyumba usiku bila kubisha hodi. Mgeni huyo ni baridi. Uwanda wa Kinangop uko zaidi ya futi 8,000 (mita 2,400) juu ya usawa wa bahari, na mkulima wa huko aijua baridi yake vizuri, maana jalidi ikianguka huchoma majani ya viazi kwa usiku mmoja. Lakini mara nyingi twakumbuka viazi, tukamsahau mtoto alalaye chini ya blanketi moja pamoja na ndugu zake watatu, kila mmoja akivuta upande wake.

Watu wengine hujaribu kuondoa baridi hii kwa kuingiza jiko la makaa katika chumba cha kulala na kufunga mlango na madirisha. Hii ni hatari kubwa mno. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Alalaye haisikii ikija. Kwanza kichwa humwuma, kisha huona kizunguzungu na kulegea, na mwisho hupoteza fahamu. Jamaa nzima zimekutwa zimekufa asubuhi kwa sababu hiyo. Jiko la makaa lisilale chumbani na watu, hata likionekana kama limekwisha zimika. Ukimkuta mtu amepatwa na sumu hiyo, fungua milango, mtoe nje penye hewa safi mara moja, na umpeleke hospitali bila kukawia.

Basi joto la usiku litoke wapi? Litoke katika blanketi. Na kama fedha ya kununua blanketi kwa kila mtoto imekwisha tumika kwa mbegu na sare za shule, usikate tamaa. Vipande vya nguo vilivyomo nyumbani mwako, na vile utakavyopewa na jamaa na marafiki, vyaweza kuwa blanketi zuri la kudumu miaka mingi. Watu wa pwani huliita blanketi la namna hii mfarishi. Katika somo hili tutaliita blanketi la viraka, nawe utajifunza kulishona tangu mwanzo hata mwisho.

KWA NINI LINA JOTO

Yafaa ujue kwanza ya kwamba blanketi halitengenezi joto. Joto ni la mwili wa mtu mwenyewe, na kazi ya blanketi ni kulizuia lisitoroke. Kinachozuia zaidi si nguo yenyewe, bali hewa iliyotulia katikati ya nguo na nguo. Kwa hiyo blanketi la viraka lina sehemu tatu. Juu ni uso wa viraka vilivyounganishwa. Katikati ni kijazo, yaani kitu laini cha kushika hewa. Chini ni bitana, yaani kitambaa cha kufunika kijazo. Sehemu hizi tatu zikishikamana vizuri, kijazo hakitembei, na hewa hubaki mahali pake.

WAKULIMA WALIOJIFUNIKA NGUO ZA KAZI

Ufundi huu umejulikana katika nchi nyingi. Huko Marekani, katika jimbo la Alabama, kuna mahali paitwapo Gee's Bend, penye kona ya mto. Wakaaji wake ni wazao wa watumwa waliolimishwa pamba katika shamba kubwa. Baada ya utumwa kwisha waliendelea kulima pamba katika ardhi isiyo yao, na kuishi kwa mikopo. Mwaka wa 1932 walinyang'anywa kwa ajili ya deni zana zao, mifugo yao na hata chakula chao. Mwaka wa 1937 serikali ya nchi yao ilianza kuinunua ardhi ile, na katika miaka ya 1940 jamaa za hapo ziliuziwa mashamba kwa mikopo. Wewe uliyepata shamba katika skimu waweza kuzielewa habari hizo vizuri.

Katika miaka hiyo ya taabu, akina mama wa Gee's Bend walikuwa wakikusanya suruali za kazi zilizochakaa magoti, mashati, na magunia ya nguo ya pamba, wakayakata na kuyashona kuwa mablanketi. Kwa kijazo walitumia pamba iliyosalia. Mama mmoja, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe, na mwaka wa 1942 akashona blanketi kwa nguo za kazi za marehemu, apate kumkumbuka. Mwaka wa 2002 mablanketi ya Gee's Bend yalionyeshwa katika jumba la makumbusho la sanaa la mji wa Houston, na mwaka wa 2006 picha zake zilitiwa katika stempu za posta za Marekani. Lakini wale akina mama hawakushona kwa ajili ya makumbusho. Walishona kwa sababu nyumba zao zilikuwa na nyufa, na watoto walikuwa wanasikia baridi.

MAHALI PA KUPATA VITAMBAA

Anza nyumbani. Shati lililochakaa kola lina mgongo mzima. Rinda lililombana binti lina kitambaa kingi upande wa chini. Leso iliyopasuka katikati ina pande mbili nzima. Suruali ya kazi iliyotoboka magoti ni nzima nyuma ya mapaja.

Kisha waulize jamaa. Nyanya, shangazi na mama mdogo huwa na nguo wasizovaa tena, nao hufurahi zikienda kwa mtoto. Mwendee pia fundi cherehani wa sokoni. Akikata sare za shule au nguo za kitenge, vipande vidogo hubaki chini ya meza yake, na mara nyingi huvitupa. Mwombe akuwekee katika mfuko, nawe umpelekee viazi au maziwa kidogo kama shukrani. Hivyo kesho hatakusahau.

Kama nguo ni za marehemu, usizikate kabla ya kuzungumza na wazee wa nyumba. Kila jamaa ina desturi yake juu ya vitu vya marehemu, na blanketi lililoleta ugomvi halina joto.

KUCHAGUA NA KUSAFISHA

Si kila kitambaa kinafaa. Kishike kipande kwa mikono miwili ukivute. Kikipasuka, hakina nguvu. Kitupe au kifanye tambara la kufutia. Kisha kiinue mbele ya mwanga. Ukiona nuru nyingi ikipenya mahali pamoja, mahali hapo pamelika. Kata uzima wake tu.

Pamba ndiyo bora. Usiweke kitambaa kizito cha suruali karibu na kitambaa chepesi cha rinda, kwa kuwa kizito hukivuta chepesi mpaka kikapasuka. Vizito vishonwe na vizito, na vyepesi na vyepesi. Fulana zinazovutika zisichanganywe na nguo zisizovutika. Nguo za nailoni usizitumie kabisa, kwa sababu zikishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi.

Vitambaa vyote vifuliwe kabla ya kukatwa. Vya pamba vifue kwa sabuni na maji ya moto sana, maana moto huua chawa na kunguni pamoja na mayai yao, na tena nguo itakayoruka itaruka sasa, si baada ya kushonwa. Vya rangi kali, hasa nyekundu, viloweke peke yake. Maji yakigeuka rangi, rudia mpaka yawe safi. Ikiwa rangi haiachi kutoka, kitambaa hicho kisitumike, kwani kitaharibu vingine vyote. Anika juani, kisha piga pasi.

VIFAA

Huhitaji cherehani. Vitu vya lazima ni hivi: sindano mbili, moja ya kawaida na moja kubwa yenye tundu pana, uzi imara wa pamba, mkasi mkali, futi ya kupimia, pini, pasi, kipande cha katoni, na kipande cha sabuni kikavu cha kuchorea. Kama unayo subana ya kukinga kidole, itakusaidia sana.

KUKATA

Somo hili ni la blanketi la mtoto wa shule. Kata katoni iwe mraba wa inchi 7 kila upande (sentimita 18). Hiki ndicho kipimo chako. Kiweke juu ya kitambaa, kikiwa kimefuata nyuzi za kitambaa, si mshazari. Chora kwa sabuni, kisha kata.

Utahitaji viraka 80, yaani safu 10 zenye viraka 8 kila moja. Usiogope hesabu hii. Mgongo wa shati moja la mtu mzima hutoa viraka 9 hivi. Leso nzima hutoa viraka 40 na zaidi. Hata ukikata viraka 5 kila jioni, viraka 80 vitapatikana kwa siku 16. Haba na haba hujaza kibaba.

KUPANGA

Fagia sakafu na utandike mkeka au shuka safi. Panga viraka vyote 80 juu yake kabla ya kushona hata kimoja. Weka cha rangi nzito kando ya cha rangi nyepesi. Vilivyo imara zaidi viweke pembeni kuzunguka, maana pembeni ndipo mtoto avutapo. Simama mbali kidogo utazame. Waite na watoto watazame. Wakisema, "Hiki ni cha rinda la nyanya," utajua ya kwamba blanketi limekwisha kuwa lao. Ukiridhika, kusanya kila safu na kuifunga kwa uzi, ukiandika namba yake katika karatasi, 1 mpaka 10, zisichanganyike.

KUSHONA USO

Chukua viraka viwili vya safu ya 1. Viweke uso kwa uso, ushone upande mmoja, nusu inchi kutoka ukingoni. Tumia uzi wa mara mbili na mishono midogo. Kila baada ya mishono mitano rudi nyuma mshono mmoja, ili uzi ukikatika mahali pamoja mshono wote usifumuke. Ongeza kiraka cha tatu, na cha nne, mpaka 8. Mtu ashonaye safu moja kila jioni atamaliza safu zote kwa siku 10.

Piga pasi kila safu. Katika safu ya 1 laza mishono kuelekea kulia, katika safu ya 2 kuelekea kushoto, na kuendelea hivyo. Safu zikikutana, mishono haitapandana na kufanya nundu. Sasa unganisha safu ya 1 na ya 2, kwanza kwa pini katika kila makutano, halafu kwa sindano. Endelea mpaka safu ya 10. Uso ukikamilika utakuwa na upana wa inchi 49 na urefu wa inchi 61 (sentimita 124 kwa 155).

KIJAZO NA BITANA

Kijazo rahisi ni blanketi kuukuu lililochanika. Kata sehemu nzima na kuziunganisha ukingo kwa ukingo, bila kupandisha moja juu ya nyingine, mpaka ufikie inchi 49 kwa 61. Sweta kuukuu zilizofumuliwa mishono na kulazwa pia zafaa. Kijazo cha sufi usikifue kwa maji ya moto, maana kitaruka. Kifue kwa maji ya uvuguvugu, ukaushe kabisa.

Ukifuga kondoo wa sufi, unayo mali kubwa. Loweka sufi katika maji ya uvuguvugu na sabuni. Usiisugue, kwa kuwa itagandamana. Ibonyeze tu polepole. Isuuze, ianike kivulini penye upepo, kisha ichambue kwa vidole mpaka iwe kama wingu. Itandaze kwa unene mmoja kila mahali.

Kwa bitana, shuka kuukuu yafaa sana. Ikate inchi 53 kwa 65, ili izidi uso kwa inchi 2 kila upande. Leso moja haifiki kipimo hiki, lakini yaweza kuongezwa kwa kuishonea ukanda wa kitambaa kingine.

KUUNGANISHA SEHEMU TATU

Tandaza bitana sakafuni, upande mzuri ukitazama chini. Weka kijazo katikati. Weka uso juu, upande mzuri ukitazama juu. Nyoosha makunyanzi yote. Piga bandi kwa mishono mirefu, ukianzia katikati kwenda pembeni, ili vitu visihame. Uzi huu utautoa mwishoni.

Sasa funga mafundo. Tia uzi mnene katika sindano kubwa. Mahali penye kona nne za viraka zinapokutana, shusha sindano mpaka chini ya bitana, ipandishe tena karibu na hapo, na funga mara mbili: kwanza mkono wa kulia juu ya kushoto, kisha wa kushoto juu ya kulia. Fundo la namna hii halifunguki. Makutano haya ni 63. Kama kijazo ni sufi iliyochambuliwa, ongeza na fundo katikati ya kila kiraka, la sivyo sufi itakusanyika upande mmoja baada ya kufuliwa.

Mwisho ni pindo. Kunja ukingo wa bitana ndani inchi 1, kisha ukunje tena inchi 1 juu ya uso, na kushona kwa mishono midogo kuzunguka pande zote nne. Toa uzi wa bandi. Blanketi limekwisha.

MTOTO MCHANGA

Blanketi hili si la mtoto mchanga aliye chini ya mwaka mmoja. Blanketi zito likimfunika uso hawezi kuliondoa, naye aweza kukosa pumzi. Mtoto wa namna hiyo avalishwe nguo za joto zinazomkaa vizuri, na uso wake uwe wazi wakati wote alalapo.

KULITUNZA

Anika blanketi juani mara moja kwa juma. Jasho la usiku hukauka, na joto lake hurudi. Likichafuka, lifue kwa maji ya uvuguvugu. Usilisokote. Watu wawili walibonyeze, kisha lilazwe juu ya nyasi safi au kamba mbili, wala si juu ya seng'enge, maana miiba yake itararua kazi yako yote. Kiraka kikifumuka, kishone siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KAZI YA NYUMBA NZIMA

Usiseme kushona ni kazi ya mama peke yake. Mafundi wengi wa cherehani ni wanaume, na hakuna anayewacheka. Baba aweza kukata katoni na kupima kwa futi. Watoto wakubwa waweza kuchora na kupanga. Hata mtoto mdogo aweza kuchagua rangi.

Mkiwa na kikundi cha akina mama, kazi itakwenda upesi zaidi. Tangu chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka wa 1952, kushona kumekuwa miongoni mwa mafunzo yaliyotolewa katika vikundi vyake. Kubalianeni kukutana mara moja kwa juma nyumbani kwa mmoja wenu. Kila mmoja alete viraka vyake vilivyokatwa, na wote washone uso wa mwenye nyumba hiyo. Juma lifuatalo mwende kwa mwingine. Anzeni na nyumba yenye watoto wengi na mablanketi machache kuliko zote. Katika skimu majirani wametoka mahali mbalimbali, na wengi walifika bila kujuana. Waliokaa pamoja wakishona hawabaki wageni.

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya kutupa shati lile lililochakaa, ligeuze ulitazame mgongo. Viraka 9 vimo humo. Umebakiwa na 71.

MASWALI YA KUJIFUNZIA

Yasomeni katika kikundi chenu mkajibizane.

1. Kwa nini jiko la makaa lisiwekwe katika chumba cha kulala, hata kama halina moshi?

2. Blanketi hushikaje joto, na kijazo kina kazi gani?

3. Taja vitambaa visivyofaa kwa blanketi la viraka, na sababu yake.

4. Katoni ina inchi 7, lakini kiraka kikishonwa pande zote hubaki inchi 6. Inchi 1 imekwenda wapi?

5. Katika kikundi chenu, ni nyumba gani inayohitaji blanketi la kwanza?